Mahindi tele, mfuko mtupu: uchumi unasemaje?

Mkulima_Bweyale:
Ndugu zangu, naomba mawazo. Msimu huu huku Kiryandongo, Uganda, kila mtu kavuna mahindi. Jana dalali kaja na lori, anatoa shilingi 500 kwa kilo, nisipotaka anahamia kwa jirani. Mwezi wa tano sisi hawahawa tulikuwa tunanunua unga wa posho (ugali) kwa 2,500 kilo! Mwaka wa ukame bei ipo, mzigo sina. Mwaka wa mvua mzigo upo, bei hakuna. Shuleni tulifundishwa kuwa uchumi ni elimu ya uhaba. Mbona mimi naumizwa na wingi?

Mwalimu_Mbale:
Hilo ni la zamani. Mwaka 1699 Mwingereza Charles Davenant alichapisha makadirio kwamba mavuno ya nafaka yakipungua kwa asilimia 10, bei hupanda kwa asilimia 30. Ligeuze, utajiona humo. Tumbo lina kipimo chake: aliyeshiba sahani moja ya posho haongezi ya pili kwa kuwa bei imeshuka. Ndiyo maana hata ziada ndogo huangusha bei vibaya.

MamaNafaka_Busia:
Mwalimu kasema kweli, ila mimi nauza nafaka hapa mpakani mwa Uganda na Kenya na naona jambo jingine. Agosti mahindi ni mengi, makavu ndiyo machache. Ukitia mkono ndani ya gunia unakuta joto, yalianikwa kwenye udongo na mvua ikayawahi. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na tangu Kenya isimamishe kwa muda mahindi yetu na ya Tanzania Machi 2021 kwa ajili ya sumukuvu (sumu ya ukungu wa nafaka), wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka hawakubali kubahatisha. Yakikataliwa yanarudi soko la ndani, bei inazidi kuporomoka.

Kaka, kabla hujamjibu huyo dalali, chukua chupa kavu ya soda, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa vizuri, acha itulie. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, bado yana unyevu: anika tena, juu ya turubai. Isipoganda, tia kwenye mifuko ya tabaka tatu na ufunge kila tabaka kwa nguvu. Hewa ikiisha humo, fukusi hufa bila dawa.

Mahindi unayo, uwezo wa kusubiri ndio huna. Dalali analijua hilo, ndiyo maana anakuja sasa hivi.

Mkulima_Bweyale:
Asante sana mama. Lakini muhula wa tatu unafunguliwa Septemba, na ada haisubiri.

MamaNafaka_Busia:
Basi uza magunia ya ada tu. Kusanyeni na majirani, lori lijae mahali pamoja. Dalali akiokoa mafuta, mdaini aongeze bei. Mengine usiyaguse mpaka Oktoba, kabla mavuno ya pili hayajaingia sokoni. Mvua za pili zikikosekana, ngoja zaidi.