Kuhamia shamba Golini, njia nyembamba na mteremko: kampuni ya mjini, kanta ya kukodi, au kugawanya safari?

BintiTudor

Assalamu alaykum wanabaraza. Naomba ushauri kabla sijatoa hata senti.

Tunahama Tudor kwenda Golini, Kwale, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba ndani ya shamba la minazi. Mama ana miaka 74 na ameshasema Ramadhani ijayo ataifungia kule. Nyumba iko tayari, stima imeingia. Tatizo ni njia. Kutoka lami hadi mlangoni ni kama mita 700. Mwanzo ni mchanga, halafu unateremka udongo mwekundu, chini kuna kijito kinachopitisha maji wakati wa mvua tu, na juu yake pana kalvati ya mabomba mawili. Ukivuka, unapanda kidogo, umefika. Upana ni wa gari moja na minazi imesimama huku na huku. Hakuna pa kugeuzia mpaka uingie uani.

Vitu ni vya vyumba vitatu: friji kubwa, mashine ya kufua, makochi, vitanda, vyombo. Na kabati la mvule la mama, la harusi yake, lenye milango mitatu ya vioo. Halifunguki vipande. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Nimepewa bei tatu. Kampuni ya mjini 48,000, wanafunga, wanabeba, wanapanga, na bima ndani. Wanakuja na lori la boksi. Kanta (lori dogo) ya kukodi na vijana wanne 14,000. Jirani wa Golini ana trekta na trela, anataka 5,000 kutoa vitu lami mpaka nyumbani, lakini hapo nitahitaji bado gari la kuvifikisha lami. Nyinyi mngechukua ipi? Na tupite kivukoni Likoni au barabara ya Dongo Kundu?

MwalimuMatuga

Waalaykum salaam. Poleni kwa msiba wa mzee.

Swali langu la kwanza: hiyo kampuni imekuja kuiona njia? Kama jibu ni la, hiyo 48,000 si bei bado. Mimi nilihamia Mkongani kwa kampuni nzuri tu, sare, maboksi mapya, kila kitu. Niliwaambia njia ni mbaya, wakanijibu wamezoea. Dereva alifika mwanzo wa njia, akashuka, akatembea hatua hamsini, akarudi akasema gari lake haliingii. Karatasi niliyotia sahihi ilikuwa na mstari mmoja, "mpaka pale gari linapofika". Sikuwa nimeusoma. Wakashusha vitu vyangu vyote kando ya lami, na Maghrib ikaadhiniwa nimekaa juu ya godoro nikilinda televisheni. Majirani ndio walionibebea mpaka saa nne usiku, Mungu awalipe.

Siwalaumu vijana wale, walifanya kazi waliyoagizwa. Lakini tangu siku hiyo nasema bei ya kuhama shamba ni ya zile mita za mwisho. Kutoka Tudor hadi lami ya Golini gari lolote litakufikisha.

DerevaKanta

Dada, naendesha kanta mwaka wa kumi na moja sasa, Kongowea hadi Lunga Lunga. Nikueleze tunavyoiona njia kama hiyo tukiwa kwenye usukani.

Kila mtu huuliza kama gari litashuka na mzigo. Litashuka. Mzigo unakandamiza tairi za nyuma na gari linashika ardhi. Shida ni kurudi. Ukishamaliza kushusha, nyuma pamekuwa pepesi, na hizo za nyuma ndizo zinazovuta. Ule mteremko wa asubuhi sasa ni mlima. Yakianguka manyunyu hapo katikati, udongo mwekundu unakuwa sabuni, tairi zinazunguka palepale na kuchimba. Nimewahi kulala shambani kwa watu kwa sababu hiyo, nikavutwa na trekta asubuhi. Kwa hivyo, yeyote utakayemchukua, muulize mbele ya mashahidi: gari likikwama, trekta la kulitoa analipa nani? Na siku nikilala huko, nalipwa au silipwi? Mkimaliza hayo ndipo mzungumze bei.

Ule mchanga wa mwanzo usikutie hofu. Mchanga mkavu ndio mbaya. Ukilowa kidogo hupitika vizuri zaidi. Udongo ni kinyume chake. Dereva anayejua atapunguza upepo wa tairi kabla ya kuingia na hatasimama katikati.

Upana sasa. Usikadirie kwa macho. Mwambie mwenye gari akupe kipimo cha bodi pamoja na vioo vya pembeni. Kata ufito wa urefu huo, ongeza shubiri mbili, uushike kwa kukingama kifuani na utembee nao njia nzima. Utakapogusa mnazi, hapo tia alama. Fanya hivyo hivyo kwa kwenda juu, maana lori la boksi ni refu kuliko kanta ya wazi, na makuti yaliyoning'inia si kitu, lakini waya za stima zinazoingia nyumbani ni kitu.

Kivuko: kinapitika, ila tazama mwezi. Siku za bamvua maji hupwa sana, na hupwa saa nne, saa tano asubuhi, wakati wewe ndio umefika na mzigo. Pale mteremko wa kupanda feri unakuwa mkali, magari yanakwenda taratibu, foleni inajaa, na vitu vinasogea nyuma ya gari. Ukipenda kivuko chagua siku za maji mafu, yasipopwa sana. La sivyo zunguka Miritini, ushike Dongo Kundu, Mwache, Tsunza, Mteza, unatokea Kibundani na kwenda zako Kombani. Ni mbali zaidi na mafuta yanakwenda, lakini kabati la vioo ningelipitisha huko bila kufikiri mara mbili.

ShangaziMishi

Mwanangu, mimi nitazungumza habari ya kabati tu, hayo ya magari wenyewe wameshasema.

Usikubali liwekwe kwenye trela la trekta. Trela la shamba halina springi. Kila shimo linapiga moja kwa moja kwenye kitu kilichopakiwa. Magodoro sawa, vitanda vilivyofunguliwa sawa, magunia, viti vya plastiki, masufuria. Vioo na friji hapana.

Milango ya vioo ing'oe. Si kazi, ni bawaba tu. Skrubu za kila mlango zitie kwenye soksi yake, soksi uifunge kwenye mlango wenyewe kwa utepe, kwa sababu skrubu za zamani ukizipoteza hupati za kulingana nazo. Kila kioo kivishe blanketi na kisafiri kimesimama wima, usikilaze. Droo zitoe, zitasafiri peke yake na nguo ndani. Kabati tupu lililobaki wanaume wanne wanalibeba kwa mpiko. Wanatia kamba chini, miti miwili inapita kwenye kamba, wawili mbele, wawili nyuma. Enzi zetu kila kitu kilifika shamba hivyo na hakikuvunjika. Mita 700 kwa watu wanne waliozoea ni mwendo wa kupumzika mara tatu.

Friji isafiri imesimama. Ikilazimika kulazwa, ukifika isimamishe na uiache saa kadhaa kabla ya kuiwasha, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Mtungi wa gesi funga vali kwanza, ndipo utoe rigleta, usimame wima, wala usipande gari pamoja na jiko la makaa lenye moto kama nilivyoona watu wakifanya.

Pakia_Magongo

Nitaitetea kampuni kidogo maana nimefanya kazi hiyo miaka sita. Kinachokupa thamani kwa kampuni ni ufungaji na bima. Vyombo vya vyumba vitatu, kampuni inavifunga kwa asubuhi moja na haivunji kikombe. Vijana wa kanta ni wazuri wa mgongo, lakini sahani watazitia kwenye beseni na kufunika kwa shuka.

Bima nayo isome mpaka mwisho. Waulize mambo mawili tu. Je, inafika mlangoni au inakoma gari linapozima injini? Na je, vitu vikihamishiwa gari jingine njiani, trekta au pikapu, bado vimo? Ukijibiwa kwa mdomo, omba waandike. Halafu mtengeneze orodha ya vitu pamoja na picha za mikwaruzo iliyokuwapo, nyote mtie sahihi.

Na unaweza kuwaomba wakufungie tu, wasibebe. Wengi hawatangazi, lakini ukiuliza watakupa bei yake.

FundiWaKalvati

Hakuna aliyegusa ile kalvati na mimi ndiyo naiogopa. Teremka ukaitazame kwa upande. Ikiwa mgongo wa bomba unaonekana, au juu yake pana udongo wa kiganja tu, lori lenye mzigo lisikanyage. Bomba linahitaji udongo mzito ulioshindiliwa juu yake ili uzito utawanyike. Bila hivyo tairi inalibonda bomba pale pale. Tazama pia kingo, maji ya masika hula udongo kando ya bomba na juu ukaona njia nzima kumbe ndani ni shimo. Gonga kwa nondo, pakilia wazi ujue.

Lori moja la marram (udongo wa changarawe) na siku moja ya kushindilia litakusaidia kuliko kuongeza pesa kwa kampuni, na litabaki hapo wakati mama atakapohitaji gari usiku kwenda hospitali. Kwenye udongo mwekundu, pale pa kuteleza, mwageni makumbi ya nazi. Mnayo bure shambani. Yanashika tairi vizuri. Lakini juu ya kalvati makumbi hayafai kitu.

BintiTudor

Shikamoo mwalimu, shangazi. Ahsanteni nyote, nimesoma kila neno, na mama nimemsomea.

Jumamosi tulikwenda na ufito. Kipimo cha kanta kilipita kote isipokuwa mahali pamoja, chini kabisa kabla ya kijito, minazi miwili imesogeana na ufito uligusa yote miwili. Lori la boksi hata nisingelijaribu. Kalvati nayo, fundi, ulisema kweli: bomba la kushoto limeachwa wazi kabisa upande wa maji yanakotoka, nilitia mkono mpaka kiwiko. Niliipigia kampuni nikawaomba waje waone. Wakasema hawatumi mtu Kwale kwa ajili ya kuangalia njia. Basi.

Mnazi mmoja ungekatwa tungepita, lakini ndio ule baba aliupanda alipozaliwa kaka yangu. Mama hata hakuniacha nimalize sentensi.

Kwa hivyo tunagawanya. Kampuni nyingine itatufungia vyombo na vioo Tudor, 9,000, bila kubeba. Kanta itapita Dongo Kundu na kuishia pale juu, kabla ya mteremko, ambapo jirani ameturuhusu kugeuzia uani kwake. Trekta halitavuka kalvati pia, litafika kijitoni tu na vitu vigumu. Pikapu ndogo ya binamu itavuka ikiwa na friji na mashine ya kufua tu, kimoja baada ya kingine, baada ya marram kumwagwa. Kabati ni mpiko. Nikijumlisha na marram, inakaribia kabisa ile 48,000, lakini najua kila shilingi imekwenda wapi.

DerevaKanta

Hapo umepanga. Anza alfajiri. Na marram iache ikae usiku mmoja au miwili kabla ya gari kupita.

BintiTudor

Narudi kuwapa habari. Tumehama jana, alhamdulillahi.

Kanta iliondoka Tudor saa kumi na mbili na robo, saa mbili kasoro ilikuwa Golini. Trekta lilikwenda mara tatu. Kilichovunjika ni sahani moja, nayo niliifunga mimi mwenyewe usiku. Friji imekaa wima tangu ilipofika, leo asubuhi nimeiwasha na inaganda.

Kabati walilibeba vijana wanne wa pale pale Golini, tukawalipa 1,000 kila mmoja na chakula. Shangazi, walipumzika mara tano, si tatu, kwa sababu mteremko uliwachosha. Kwenye ile minazi miwili walilipitisha kiubavu, polepole, yule wa mbele akirudi kinyumenyume na kuhesabu hatua kwa sauti. Mama alikataa kupanda pikapu. Alitembea mbele ya kabati njia nzima, leso ameifunga kiunoni, akiinama kuokota makuti na mawe wasije wakajikwaa.