Naomba ushauri: wakinamama wa mwani na sabuni, ushirika au kampuni?

Assalam aleikum wanagrupu, naombeni mawazo yenu jamani. Kuna wakinamama wanaolima mwani baharini huku Jambiani, Zanzibar, nawasaidia waanzishe biashara yao wenyewe ya sabuni, maana kuuza mwani mkavu kwa kilo hakulipi, mnunuzi anakupa kamba na taitai (vile vikamba vidogo vya kufungia mwani) halafu bei anapanga yeye, na kotonii, ile aina ya mwani yenye bei nzuri, siku hizi inakufa kwa joto la maji, wamebaki na aina nyingine, spinosamu, tu.

Sabuni wanaijua, wanasaga mwani unga wanachanganya na mafuta ya nazi, kostiki soda na karafuu, wageni wanazipenda hasa. Katiba ya kikundi ipo, akaunti ipo. Kasheshe ni mgao. Wanaopika ni wachache tena vijana, wanaoingia baharini maji yakipwa ni watu wazima, wapishi wanataka zaidi na wale wengine wanasema bila mwani hakuna sabuni (na kweli). Tulijaribu kulipa kwa kipande, watu wakaanza kukimbiza idadi, sabuni zikauzwa hazijakauka vizuri.

Sasa aliyewahi kuendesha kitu kama hiki, mwani wa wanachama mlikuwa mnaununua kwanza kwa bei nzuri ndo faida mnagawana sawa, au mlifanyaje? Na kwenye kusajili, ushirika au kampuni, ipi itamzuia mwenye hela asije akanunua hisa akawageuza vibarua? Kuna mfadhili anasukuma kampuni, mi roho inasita.