Mafundi wa tovuti Mombasa, acheni kututoza pesa za "kubadilisha lugha"!

Jamani, leo sinyamazi. Duka letu la leso hapa Biashara Street lina tovuti ya kitambo, iliyoandikwa kwa XHTML 1.0, lugha ya zamani ya kuandikia kurasa za tovuti. Wateja wa Likoni na Kisauni wakawa wanalalamika haifunguki, bando linaisha kabla hawajaona leso hata moja. Tukamwita fundi. Akaitupia jicho tu, akasema ugonjwa ni lugha: XHTML ni nzito, vivinjari vya sasa haviitaki, lipeni niihamishe HTML5, lugha mpya zaidi, mtaona itakavyokimbia. Tumelipa shilingi 25,000. Haijakimbia, na juu ya hayo imeharibika.

Huo ni uongo, na unauzwa mji mzima. XHTML 1.0 ilitoka mwaka 2000, HTML5 ikapitishwa na W3C, shirika la viwango vya tovuti, mwaka 2014. Ukitaka kukata mstari, kwenye XHTML unaandika <br />, kwenye HTML5 <br>. Tofauti ni baiti mbili! Ziweke elfu moja kwenye ukurasa mmoja, hazizidi kilobaiti 2, na seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) ikibana faili kabla ya kulituma, zinapungua zaidi. Tena seva yetu ilikuwa ikituma kurasa kama text/html (jina la aina ya faili linaloambiwa kivinjari), na kivinjari kikipokea hivyo huzisoma kama HTML ya kawaida. Shida ingekuwepo kama zingetumwa kama application/xhtml+xml: hapo kosa moja la kutofunga lebo (alama kama hiyo <br>) linatosha mteja aone ujumbe wa hitilafu badala ya ukurasa, na Internet Explorer 8 kurudi nyuma haikuzionyesha kabisa. Sisi hatukuwa huko.

Nilibonyeza F12 kwenye kompyuta ya duka, nikafungua sehemu ya Network. Faili la ukurasa wenyewe ni kilobaiti 31. Picha ya kwanza, ya kisutu, ni megabaiti 4.8! Imepandishwa vile vile ilivyotoka kwenye kamera, kisha kivinjari kinaifinya ionekane upana wa pikseli 300. Na zilizo chini yake ni hivyo hivyo, zote zinashuka kwa pamoja hata zile ambazo mteja hajazifikia, ilhali loading="lazy", ya kuzichelewesha hadi zikaribiwe, ni neno la kuongeza tu kwenye lebo ya picha. Fundi hakugusa hata moja. Wala msiniambie ni mtandao: nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zinatua papa hapa Mombasa tangu 2009. Anayeumia ni mama wa Likoni aliyenunua bando la megabaiti 50.

Sasa uharibifu. Alifuta ule mstari mrefu wa juu kabisa unaotaja XHTML, asiweke <!DOCTYPE html> mahali pake. Mstari huo ukikosekana, kivinjari kinarudia tabia za zamani, za tovuti za miaka ya 1990. Kwetu bei zote zilizo ndani ya jedwali zimeacha kufuata saizi ya maandishi ya ukurasa, zimekuwa kubwa. Asiyeamini abonyeze F12, afungue konsoli (sehemu ya Console) aandike document.compatMode kwenye tovuti yake. Ikijibu BackCompat, ameshapigwa kama sisi.

Sisemi uandishi wa kurasa haujalishi. Skripti (faili la programu ya ukurasa) ikiwekwa juu bila neno defer la kuichelewesha, mteja anakaa na ukurasa mweupe mpaka ishuke. Picha isiyoandikiwa upana na urefu inasukuma maandishi huku mtu anasoma. Lakini hayo ni ya mkono wa fundi, yako hivyo hivyo kwa XHTML na kwa HTML5, na ndiyo kazi tuliyodhani tunailipia.

Simu zetu hapokei tena. Pesa zetu tunazitaka, na tutazifuata. Waliouziwa maneno haya haya, semeni hapa mlitozwa kiasi gani. Na kama humu yumo fundi wa kubana picha na kuurudisha ule mstari wa kwanza, aje inboksi, aanze kwa kuniambia ukurasa utabaki na megabaiti ngapi.