Kukata kucha za simbilisi mdogo

Swali: Jamani nina simbilisi wa miezi miwili hivi, kucha zimekuwa kama sindano, nikimshika anahangaika na kulia, naogopa kumkata nikamtoa damu. Naanzaje?

Jibu: Pole, wengi tumepitia hiyo hofu. Mviringishe kwenye taulo utoe mguu mmoja mmoja, mtu mwingine amlishe majani, we kata kancha tu. Ndani ya kucha kuna mshipa, kama kucha ni nyeupe utauona ule upinki, ishia kabla haujaufikia. Nyeusi mulika tochi kwa chini.

Jibu: Naongezea, usilazimishe zote siku moja, ziko 14 (mbele nne nne, nyuma tatu tatu), wangu nilikuwa namkata mbili tatu namwacha apumzike na sasa hivi anatulia kabisa yani. Ila mshike kifuani na makalioni, tafadhali asining'inie.

Swali: Asanteni sana, na damu ikitoka?

Jibu: Bonyeza na kitambaa safi dakika kadhaa, au paka konfulawa kidogo, itakata. Isipokata muone daktari wa mifugo, usisubiri.