Naomba ushauri: nishani ya marehemu babu ihifadhiwe wapi?

Ndugu wanachama, babu yetu wa Vihiga alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, na mwaka 1944 alipigana na Wajapani huko Burma. Vita vyenyewe hakupenda kuvisimulia. Alichozungumzia ni mvua, matope na malaria ya bonde la Kabaw, kisha hunyamaza. Mwezi ujao tunafanya kumbukumbu yake, na nyota yake ya shaba yenye ncha 6 imeleta mvutano: baba mdogo anataka ijengewe kwenye saruji ya kaburi, nami nahofia wezi wa vyuma chakavu (hata msalaba wa jirani uling'olewa). Je, waliokuwa na wazee wa Keya walizihifadhi wapi nishani zao, na nimwelezeje baba mdogo bila kumvunjia heshima?