Simu nimenunua kwa hela yangu, kivinjari nichaguliwe na nani?

Wakuu, heshima kwenu. Leo salamu fupi, nimevurugwa.

Mwezi wa tatu nilimnunulia mama simu Kariakoo, laki tatu na ishirini, mpya, boksi halijafunguliwa. Kampuni siitaji, ila wengi humu mnazo hizo simu. Kwa bei ile sina ugomvi nayo, chaji inalala mpaka kesho yake. Ugomvi wangu ni kivinjari ilichokuja nacho, yaani programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Si Chrome, hiyo ipo pembeni. Hiki ni cha kwao wenyewe, kina alama ya dunia ya buluu, na kazi yake kubwa ni kupiga kelele.

Saa nane usiku simu inalia ting! Mama anakurupuka akijua ni msiba. Anavaa miwani, anasoma: "Hongera! Umechaguliwa." Kesho yake anatumiwa mikeka ya kubeti. Keshokutwa dawa ya kupunguza tumbo, na picha zake sizielezi hapa. Huyu ni mzee wa kanisa, wakuu. Siku moja akabonyeza, ikashuka programu asiyoijua, na bando la wiki nililomwekea Jumapili likakata Jumanne asubuhi. Akanipigia kwa simu ya jirani: "Mwanangu, mbona bando lako lina mchwa?"

Nikasema dawa ninayo. Nilipokwenda kumsalimia nikamwekea kivinjari cha Firefox kutoka Play Store, ndani yake nikaweka uBlock Origin, nyongeza ya kuzuia matangazo. Wale wasiojua, Firefox ya Android inakubali nyongeza karibu kama ya kwenye kompyuta, na tangu Desemba 2023 zipo mamia. Uzuri wa hii ni kwamba tangazo linazuiwa kabla halijashuka, kwa hiyo MB zako zinabaki. Ukurasa wa habari uliokuwa unajikokota kama lori la mkaa ukafunguka hapohapo, mama mwenyewe akacheka. Nikaingia Mipangilio, Programu, Programu chaguomsingi, nikachagua Firefox. Nikapanda basi kurudi mjini najiona fundi.

Wiki mbili hazikuisha. Kumbe kile kisanduku cha kutafutia kilichobandikwa kwenye skrini ya mbele hakina habari na chaguo langu. Mama anaandika "masomo ya leo", inafunguka dunia ya buluu. Kisanduku chenyewe hakibanduki. Kukiondoa kivinjari nako hakuna pa kukiondolea. Lipo neno "Zima", nalo limefifia, utabonyeza mpaka kidole kiote sugu. Nikamwambia basi mama, usiguse kisanduku, bonyeza mbweha wa rangi ya chungwa, alama ya Firefox. Akazoea. Halafu Mei likaja sasisho. Akalikubali, si limeandikwa usalama? Simu ilipowaka tena, chaguo langu limefutwa, tumerudi sifuri, na ting! za saa nane zimeanza upya.

Kuna na hili la viungo. Shangazi akimtumia kitu kwenye mtandao wa kijamii, hakifunguki Firefox wala wapi, kinafunguka humohumo ndani ya programu, kwenye kidirisha chao. Humo uBlock haifiki. Agosti 2022 mtafiti mmoja, Felix Krause, alionyesha kwamba vidirisha vya Instagram na TikTok kwenye iPhone vinapachika msimbo wao, yaani maagizo ya kompyuta, katika kurasa za watu wengine unazofungua humo. Basi mimi nahangaika na mlango wa mbele, kumbe nyumba ina madirisha sita.

Kinachonichoma hasa ni kwamba jambo hili lina dawa, na wenzetu wamepewa. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliipiga Google faini ya yuro bilioni 4.34, na moja ya makosa lilikuwa kuwabana watengenezaji wa simu: ukitaka Play Store, uweke na Chrome na programu yetu ya kutafutia. Mwaka 2022 mahakama yao ikapunguza kidogo, bilioni 4.125. Na tangu Machi 2024 sheria yao ya masoko ya kidijitali inalazimisha mwenye simu aulizwe anataka kivinjari gani, orodha anawekewa, anachagua. Android ileile ikiwashwa Hamburg inauliza, ikiwashwa Temeke inaamuru. Sisi bando tunanunua kwa kuhesabu MB, ndio tungepaswa kuulizwa kwanza.

Najua kuna mtu keshaanza kuandika "hamia iPhone mkuu". Tulia. Huko mpaka Septemba 2020, ilipotoka iOS 14, mfumo wa iPhone, hata kubadilisha kivinjari chaguomsingi ilikuwa haiwezekani. Na ukiweka Firefox au Chrome kwenye iPhone hapa kwetu, ndani inatembelea injini ya WebKit ya Apple, yaani sehemu inayozisoma kurasa na kuzionyesha. Daladala ya Mbagala umeipaka rangi ya Kawe, ukifungua boneti ni ileile. Injini tofauti zimeruhusiwa kwa watu wa Umoja wa Ulaya kuanzia iOS 17.4. Sasa nihamie nini, na hiyo hela ya kuhamia nani ananipa?

Wa Opera Mini nawaheshimu, tulianza nayo kwenye Nokia za vitufe na ilitulea, kurasa zinabanwa kwenye seva zao ndipo zinakufikia. Lakini tatizo langu halikai kwenye kivinjari ninachoweka. Linakaa kwenye kile nisichoweza kukitoa.

Mafundi, naomba jibu la kitu kimoja. Simu ni Android 13. Nimesoma kwamba ukiiunganisha na kompyuta unaweza kukiondoa kwa ADB, zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, kwa amri ya pm uninstall --user 0. Aliyewahi kufanya hivyo kwenye hizi simu zenye dunia ya buluu, kisanduku cha mbele kilibaki kinafanya kazi au kilikufa nacho? Na sasisho likija, kinafufuka? Kuna kijana anataka elfu ishirini na tano "kuiflashi", yaani kuiwekea mfumo upya, nimemwambia asubiri. Mama ana picha za marehemu mzee humo ndani, na hazijahifadhiwa popote pengine.