Dipoziti ya gari la kukodi hairudi: kampuni inanituma benki, benki inanirudisha kampuni (Tanga)

BintiPongwe
Assalaam aleikum ndugu zangu, naomba anayejua haya mambo ya kadi anisaidie maana nazungushwa hadi nimechoka. Tulikodi gari hapa hapa Tanga mjini, tulikuwa na harusi ya mdogo wangu Lushoto, tukapanda nayo juu tukarudi salama, halafu tukawapeleka wageni Pangani wakaone bahari, basi. Kodi yenyewe tulilipa kwa simu haina shida. Ila wakataka na dipoziti laki nane, hiyo wakasema lazima ipite kwenye kadi, nikatoa kadi yangu ya kawaida hii ya kutolea hela ATM, wakachomeka kwenye mashine nikabonyeza namba ya siri, meseji ikaingia hapo hapo kwamba laki nane imetoka.

Gari tumerudisha zima. Kijana wao kalizunguka na tochi, kainama akachungulia uvunguni, kaangalia geji ya mafuta akasema dada liko sawa, akasaini karatasi ya kupokea gari na ninayo. Hela itarudi siku chache hizi, ndivyo alivyosema. Tangu mwanzo wa mwezi mpaka leo kimya. Nikipiga wananiambia sisi tumeshaachia muulize benki yako, naenda benki napanga foleni dada wa kaunta anatazama kompyuta anasema hatujapokea kitu rudi kwao. Hiyo ni ada ya mtoto na shule zinakaribia kufunguliwa. Nani hapo anasema kweli na nianzie wapi?

Chumbageni_Boy
Pole sana dada. Nenda polisi hao ni matapeli, wakiona askari watatoa wenyewe.

KaraniMstaafu
Wa aleikum salaam binti yangu. Polisi bado, usikimbilie huko, kuna jambo la kujua kwanza na ukilijua nusu ya safari imekwisha. Mimi nimekaa benki upande wa kadi miaka mingi na kesi ya namna hii nimeiona sana.

Jua kwanza kama hiyo laki nane ILIZUIWA au ILIKATWA. Ni vitu viwili tofauti kabisa ingawa meseji ya simu inaweza kuwa ile ile, unaambiwa umetumia laki nane na wewe unaamini imekwenda. Ikizuiwa, hela haijatoka benki kwako. Mashine ya kampuni imeuliza benki, huyu mtu ana laki nane? Benki ikajibu anayo, ikaitenga usiiguse, na kampuni ikapewa namba ya idhini. Ukirudisha gari, kampuni inatakiwa itume ujumbe wa kuiachia, au kama kuna uharibifu wakate kiasi chao na kilichobaki kiachiwe. Wasipofanya lolote, zuio linakufa lenyewe muda wake ukiisha, lakini kwa gari za kukodi muda huo unaweza kufika karibu mwezi, inategemea benki iliyotoa kadi na aina ya kadi. Kuna kampuni zinaona uvivu kuachia, zinangoja life.

Ikikatwa, hayo ni mauzo kamili, hela imetoka kwako imeingia kwao. Hapo hakuna cha kuachia. Inabidi wafanye muamala mpya wa kukurudishia, nao una njia yake, na wasipoufanya benki yako hata ingekuwa na malaika kaunta hataona kitu.

Sasa utajuaje. Tafuta kile kikaratasi kilichotoka kwenye mashine siku unachukua gari. Soma juu juu pale, kama kimeandikwa PRE-AUTH ilizuiwa, kama kimeandikwa SALE ilikatwa. Kipige picha sasa hivi maana vile vikaratasi vinachapwa kwa joto na maandishi yake yanapotea, ukiviacha kwenye pochi au kwenye dashibodi ya gari baada ya muda ni vyeupe. Ukikikosa, omba benki statimenti ya mwezi huo, muamala uliokamilika utauona umeandikwa na tarehe yake. Uliozuiwa tu kwa kawaida haumo, utaona salio la akaunti ni kubwa kuliko salio unaloruhusiwa kutumia, na tofauti yake ndiyo laki nane yako.

MzigoWaDeira
Karani kasema ukweli. Nakwenda Dubai kuchukua mzigo na kule nakodi gari, dipoziti wanashikilia wiki kadhaa baada ya kurudisha na hawafichi, wanakwambia kabisa tunangoja faini za barabarani na Salik, ile tozo yao ya kupita barabarani, zije zote kwanza, na kwenye mkataba imeandikwa ni siku ngapi. Ndo kitu kinachoniuma hapa kwetu, mtu anakwambia "siku chache hizi" kwa mdomo na karatasi haisemi chochote. Mie siku hizi kabla sijatoa kadi nawaambia andika hapo chini dipoziti kiasi gani, imezuiwa au imekatwa, itarudi lini na kwa njia gani, saini. Akikataa kuandika naenda kwa mwingine, Tanga gari za kukodi hazijaisha.

Na kingine wale wanaokutajia dipoziti kwa dola hapa hapa Bara, tangu 2025 kuna kanuni za serikali zinazokataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani, waambie wakuandikie kwa shilingi. Ikikatwa kwa dola ikarudi kwa dola wakati kadi yako ni ya shilingi, inabadilishwa kwa kiwango cha siku ile inayorudi na unaweza kupokea pungufu na hakuna aliyekuibia.

MwenyeNoah
Naomba nisemee upande wa pili kidogo maana mimi nina magari mawili nakodisha. Dipoziti haiepukiki jamani. Gari linapanda Mombo kwenda Lushoto, kona zile, mtu anakanyaga breki kutoka juu mpaka chini, anarudi pedi zimekwisha. Mwingine anapitisha Amani wakati wa mvua anarudi na bampa limening'inia. Na faini za trafiki zinaandikwa kwa namba ya gari, siyo kwa jina la dereva, kosa moja 30,000, asipoambiwa mwenye gari anakuja kushtukia deni.

Lakini hilo la faini mtu unaweza kulimaliza mwenyewe, mfumo wa polisi wa kuangalia deni la gari uko mtandaoni, unaingiza namba ya gari unaona. Mimi naangalia mbele ya mteja pale pale anaporudisha, tukiona safi namrudishia. Dada angalia na wewe, upige skrinishoti, wasije wakakutolea sababu hiyo baadaye.

Kuhusu mashine, ukweli ni kwamba vijana wengi tunaowaweka mapokezi hawajui tofauti ya kuzuia na kuuza. Amefundishwa kuuza tu, anabonyeza kiasi, anampa mteja kadi yake. Halafu mhasibu aliye ofisini anaamini ni zuio, anakwambia limeshaachiwa, na wala hakudanganyi kwa makusudi. Mwambie huyo mhasibu afungue ripoti ya mashine ya siku ile aitafute laki nane yako.

BintiPongwe
Ndugu zangu Mungu awabariki. Kikaratasi nimekipata kwenye mkoba niliobeba harusini, kimeanza kufifia lakini kinasomeka, kimeandikwa SALE! Kwa hiyo hela wanayo wao muda wote huu na mie nimekuwa nagombana na dada wa watu pale benki. Kesho naamkia ofisini kwao. Niwaambie nini hasa?

KaraniMstaafu
Usiende na maneno matupu. Nenda na nakala ya kikaratasi, ile karatasi ya kupokea gari iliyosainiwa, na barua fupi ya mistari minne: tarehe, kiasi, namba ya idhini iliyo kwenye kikaratasi, na kwamba unaomba urudishiwe kwenye kadi ile ile. Wagongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Wakisharudisha waombe namba ya kumbukumbu ya huo muamala wa kurudisha, ile ndefu ya tarakimu 23, ukiipeleka benki wataifuatilia ilipo. Bila hiyo namba utaambiwa subiri tu. Wakianza leo tegemea siku kadhaa za kazi, wikiendi na sikukuu hazihesabiwi.

Wakikuambia wakutumie kwa simu badala ya kadi, ukiwa na haraka ya ada unaweza kukubali, ila waandikiane nawe kwamba hiyo ndiyo dipoziti yote na kwamba hawatarudisha tena kwenye kadi. Nimeona mtu amelipwa kote kuwili, baadaye akawa anadaiwa yeye.

Wakigoma, rudi benki uombe fomu ya kupinga muamala. Hiyo inawezekana kwako kwa sababu hela ilikatwa, ingekuwa imezuiwa tu wangekuambia hakuna muamala wa kupinga. Usichelewe, kwa mitandao mikubwa ya kadi kama Visa na Mastercard mlango huo mara nyingi unafungwa baada ya siku 120. Na benki nayo ikikuzungusha, andika malalamiko rasmi kwao kwanza, ukishindwa unapanda Benki Kuu, kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zipo tangu 2019.

Chumbageni_Boy
Hapa nimejifunza, polisi nimefuta kauli. Swali wakuu, hizi kadi za kwenye simu tunazotengeneza kwa ajili ya kununua vitu mtandaoni, naweza kuwekea dipoziti ya gari?

MwenyeNoah
Wengi tunazikataa mdogo wangu. Ile haina plastiki ya kuchomeka, na mteja akishaifuta kwenye simu kurudisha hela kunakuwa mtihani mwingine. Tumia kadi ya benki, na weka akaunti ya pembeni yenye hela ya dipoziti tu, mshahara na ada usichanganye humo.

BintiPongwe
Nimetoka kwao sasa hivi. Mhasibu kafungua ripoti ya mashine mbele yangu akaiona, kanyamaza kidogo halafu akaniomba radhi, na muamala wa kurudisha kaufanya nikiwa nimekaa hapo. Namba ya tarakimu 23 kasema benki yao itaitoa kesho, nakala ya barua yangu ina muhuri. Shule nimeongea na mwalimu mkuu kanipa mpaka wiki ijayo. Karani shikamoo sana baba yangu, nikishaipata hiyo namba kesho niipeleke tawi lolote au lazima lile nililofungulia akaunti?

KaraniMstaafu
Marahaba mwanangu. Tawi lolote, ila sema kwamba ni suala la kadi, wasikuweke foleni ya kutoa hela.